Ushauri: jaribio la kusafisha mafuta yaliyomwagika majini kwa watoto wa darasa la nne

Chaki_Nyeupe (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha sayansi, wiki ijayo tunaingia mada ya uchafuzi wa maji. Nataka watoto washike wenyewe: beseni la maji, mafuta ya kupikia, pamba, sponji, vijiko, kila kikundi kisafishe "bahari" yake. Shida ni kwamba mafuta hayaonekani vizuri juu ya maji, na naogopa kipindi kiishie kwenye kuchezea maji tu. Nifanyeje?

Mzee wa Maabara
Koroga mafuta na unga wa kakao kabla ya kumwaga, yatakuwa meusi. Rangi ya chakula usihangaike nayo, inashika maji, mafuta inayaacha. Beseni liwe jeupe.

Kipanga77
Si utumie mafuta ya taa tu, ndo uhalisia wenyewe?

Mzee wa Maabara
Kipanga acha hizo. Mvuke, moto, ngozi za watoto! Ya kupikia yanaelea vilevile.

Bi Nyota
Mleta mada, hofu yako ya pili ndiyo ya kushughulikia. Kabla ya kugusa chochote, kila kikundi kiandike kinadhani kifaa gani kitashinda. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Wakimaliza, wakamulie kila walichonyonya kwenye glasi, itulie. Hapo ndipo ubishi unapoanza: sponji iliyoonekana bingwa imebeba maji matupu, mafuta ni utando mwembamba juu.

Wajaribu na nywele za kinyozi, zilizooshwa na kukaushwa, ndani ya soksi nyembamba. Mafuta huzing'ang'ania. Meli ya MV Wakashio ilipokwama kwenye matumbawe ya Mauritius mwaka 2020 na kuvujisha takriban tani 1,000 za mafuta, wananchi walishona vitambaa, wakajaza majani makavu ya miwa, wakapata vizuizi vya kuelea. Wengine walikata nywele zao wakachangia. Kwa hiyo anza na kizuizi: zungushia mafuta kamba ya sufu kwanza, ndipo wakusanye.

Sabuni usiitie beseni. Ijaribiwe kwenye glasi ya pembeni, tone moja. Mafuta yatakimbilia ukingoni, watashangilia. Funika glasi, tikisa, uwaulize yamekwenda wapi. Yamo humohumo, vitone vidogo vimetapakaa kila mahali. Mwaka 1967, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopasuka karibu na pwani ya Uingereza, sabuni kali zilizomwagwa kusafisha ziliwadhuru viumbe wa ufukweni kupita mafuta yenyewe.

Mama Kunguru
Ongeza unyoya. Ukiwa mkavu, tone la maji linateleza juu yake. Uchovye kwenye mafuta: vinyuzi vinagandana, maji yanapenya. Ndege akiwa hivyo anapata baridi na kuelea kunamshinda. Watoto wauoshe unyoya kwa maji baridi, halafu vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, waone tofauti.

Chaki_Nyeupe
Aisee, nimepata zaidi ya nilichoomba. Bi Nyota, uchafu wa mwisho nimwage wapi?

Bi Nyota
Sinki hapana. Nyunyiza vumbi la mbao juu ya mafuta yaliyobaki, likishanyonya kusanyeni kwenye mfuko wa taka pamoja na pamba na nywele. Kazi hiyo wape wao. Walimwaga vijiko vichache, watabeba mfuko mzima.