Sifa ya mchezaji kwenye gemu la falme: nani ajue nini, na pointi zihesabiwe vipi?

MjengaFalme
Wakuu, salaam. Gemu ni la kuiga maisha ya falme za kubuni: vijiji 40, koo 5, wahusika wa kompyuta kama 2,000. Kila ukoo una namba moja ya sifa ya mchezaji, -100 hadi 100. Inafanya kazi, lakini inaudhi.

Mchezaji akiiba mkate usiku kijiji cha mwisho kaskazini, walinzi wa kusini wanamjia juu papo hapo. Pili, namba ikichezacheza kwenye -50, ambapo ukoo hugeuka adui, walinzi wanachomoa panga, wanarudisha, wanachomoa tena. Tatu, mtu anaua wanakijiji kumi, kisha anampelekea mzee wa kijiji ngozi mia za mbwamwitu na anakuwa shujaa. Mnatatuaje haya bila kuandika upya gemu zima?

KaraniWaUvumi
Mkuu, tatizo la kwanza ndilo mzizi. Umehifadhi hukumu bila kuhifadhi tukio. Tenga vitu viwili: orodha ya matukio, na orodha ya nani anajua tukio gani. Namba ya sifa isihifadhiwe kabisa. Ikokotolewe kutoka hizo mbili pale inapohitajika.

Rekodi ya tukio iwe na namba yake ya utambulisho, aliyetenda, aliyetendewa, aina, mahali, siku na uzito. Tuseme wizi wa mkate ni 5, kuua mtu ni 60. Tukio likitokea, tafuta mashahidi: aliye ndani ya hatua 15 mchana au 5 usiku, bila ukuta katikati. Shahidi akishaona, kijiji bado hakijajua. Kitajua akimfikia mlinzi au akirudi kati ya watu. Akiuawa njiani, habari inakufa naye. Gemu la Skyrim lina kitu cha namna hii: zawadi ya kukamatwa kwako huhesabiwa kwa kila jimbo peke yake (yako 9, mauaji ni dhahabu 1,000, kushambulia ni 40), na ukimuua shahidi wa mwisho zawadi inafutwa. Gemu hilohilo lilipata umaarufu kwa kuku walioshtaki wahalifu, kwa hiyo chuja mashahidi kwa uwezo wa kusema. Kuwa hai peke yake hakutoshi.

Kuhusu kusambaa: usimpe kila mhusika kumbukumbu yake. Watu 2,000 mara matukio 500 ni rekodi milioni moja. Vijiji 40 mara 500 ni 20,000 tu, na mchezaji hataona tofauti. Uvumi ubebwe na misafara. Kila unapofika kijiji kipya, zidisha nguvu yake kwa 0.7, na ikishuka chini ya 2 usipokelewe. Mkate unatoka 5, 3.5, 2.45, unaishia hapo, vijiji viwili mbele ya ulipoanzia. Mauaji ya 60 yanafika hatua ya tisa yakiwa na 2.4 hivi. Habari kubwa inakwenda mbali na ndogo inafia jirani, bila kuandika kanuni nyingine.

Sehemu mbili huharibika hapa. Ya kwanza, tukio lilelile kufika kijijini kwa njia mbili. Ukijumlisha, mauaji ya mtu mmoja yanakuwa kama ya wawili. Linganisha namba ya utambulisho, kisha bakiza nguvu iliyo kubwa. Ya pili ni mpangilio wa hesabu. Ukipitia vijiji 1 hadi 40 huku ukibadilisha rekodi papo hapo, uvumi ulioanzia kijiji cha 1 unaweza kufika cha 40 ndani ya zamu moja, ila ulioanzia cha 40 unatambaa. Soma kutoka nakala ya jana, andika kwenye ya leo.

Kizingiti_Mbili
Hilo la panga kuchomolewa na kurudishwa ni jepesi. Mpaka wa kuingia kwenye uadui usiwe uleule wa kutoka. Ingia kwa -50, toka kwa -20. RimWorld, gemu la kujenga makazi, inafanya hivyo kwa ukali zaidi: kundi linakuwa adui likifika -75, na halirudi kuwa la kawaida hadi namba ipande mpaka 0. Upande wa urafiki ni vilevile, unaupata kwa 75 na kuupoteza kwa 0.

Angalizo: ukitumia mipaka miwili, namba peke yake haikuambii tena hali ikoje. Mtu mwenye -35 anaweza kuwa adui au wa kawaida, kutegemea alikotoka. Kwa hiyo hali yenyewe iandikwe kwenye faili la kuhifadhi gemu. Ukiikokotoa upya kutoka kwenye namba wakati wa kufungua, mchezaji atagundua haraka kwamba dawa ya uadui ni kuzima gemu na kuwasha.

Na upanga ukimgusa rafiki katikati ya vita, pigo la kwanza lisamehewe. La sivyo unaadhibu kutolenga vizuri.

MhasibuWaHeshima
Kwenye ngozi sikubaliani na wanaopunguza tu malipo kila zinapoongezeka. Inachelewesha ujanja, haiuzuii. Tatizo ni kwamba kila jambo linaingia kwenye mfuko mmoja. Gawa angalau safu tatu: uaminifu (wizi, madeni, ahadi), damu (kuua na kujeruhi), na msaada. Ngozi zijaze msaada tu, na safu hiyo iwe na dari, tuseme +25. Damu ilipwe kwa fidia kwa ndugu wa marehemu au kifungo, basi. Gemu la mtandaoni la World of Warcraft, ambako kutoka hali ya kati hadi ngazi ya juu kabisa ni pointi 42,000, huweka dari kwa chanzo: maadui wengi wanaacha kukupa pointi ukishavuka ngazi fulani, na unalazimika kutafuta kazi nyingine.

Kusahau nako kuwe tofauti kwa kila safu. Wizi upungue nusu kila siku 30. Damu isipungue maadamu ndugu wa karibu yupo hai. Usipunguze kila zamu. Hifadhi siku ya tukio, kisha ukiulizwa zidisha uzito kwa 0.5 kwa kipeo cha siku zilizopita gawanya kwa 30. Tumia namba zenye desimali, zungusha wakati wa kuonyesha tu. Anayehifadhi namba kamili ataona -10 ikizidishwa kwa 0.98 inakuwa -9.8, inazungushwa kuwa -10, na haitoki hapo milele.

MjengaFalme
Nimewaelewa, asanteni sana. Limebaki moja: kama kila kijiji kina namba yake, namba ya ukoo mzima itoke wapi? Wastani? Na mahasimu wa ukoo wafurahi vipi?

KaraniWaUvumi
Wastani hapana. Kijiji cha watu 30 kitakuwa na sauti sawa na mji wa 400. Chukua kinachojulikana makao makuu ya ukoo tu. Mlinzi wa kijijini atumie namba ya kijiji chake. Vita, biashara na ruhusa za kupita zitumie namba ya makao makuu. Hapo mchezaji anapata muda wa kuwahi msafara kabla habari haijafika kwa chifu, jambo ambalo ni zuri kuliko kanuni yoyote unayoweza kuitunga makusudi.

Kwa mahasimu, tukio linalomuumiza A limpe B sehemu ya uzito, robo inatosha, na liishie hapo. Ukiita kazi ileile ya kubadilisha sifa, B atamgusa A, A atamgusa B, na hautatoka kwenye mzunguko huo mpaka namba zigonge ukutani.

Kizingiti_Mbili
Halafu mwonyeshe mchezaji sababu. Mfumo mzuri usioonekana huitwa mbovu. Mlinzi akimkatalia kuingia, orodhesha mambo matatu mazito kinayoyajua kijiji hicho, na uzito wake wa sasa. Namba za vijiji asivyofika bado zifiche.

Kujaribu: ua mhusika mmoja mbele ya shahidi mmoja, msimamishe mchezaji, endesha siku 60 bila tukio jingine, kisha chapisha nguvu ya tukio hilo kwa kila kijiji na kila siku. Kijiji chochote kikionyesha nguvu kubwa kuliko lilikoanzia, kuna mahali bado unajumlisha nakala.