Etiketi ya plastiki inajikunja ku chupa ya kuminya, kosa iko ku filimu ao ku chupa?

mama_asali (Lubumbashi, Kampemba)

Jambo bandugu, natafuta mutu mwenye anajua vizuri mambo ya etiketi. Miye nauza asali ya pori ya miombo, inatoka upande ya Kasenga. Zamani nilikuwa naitia mu chupa ya vioo, sasa natumia ile ya plastiki laini ya kuminya, bakliya wanaipenda juu mutoto anajitilia mwenyewe ku mukate bila kumwaga.

Nilianza na etiketi ya karatasi, mutu akiminya mara tatu ine inapasuka katikati, na asali ikishukia kidogo pale inalowana, jina inatoka. Nikaenda ku impremeri wakanipatia filimu ya plastiki ya kungaa, ngumu kidogo. Siku ya kwanza inapendeza kabisa! Wiki moja ku duka, pale kidole inaminya panakuwa na mikunjo, pembe zinanyanyuka, yale mavumbi yetu mekundu yanaingia chini yake na kole inayashika, hata ukipanguza hayatoke. Wamenirudishia kartoni ine, kila kartoni chupa 24. Asali ndani haina shida yoyote, lakini mutu akiona etiketi imechakaa anafikiri na asali ni ya zamani, na sitaki mutu afikiri vile juu ya asali yangu.

Kitu chenye sielewi, chupa za mwezi wa ine zilirudi kidogo tu, za mwezi wa sita zilirudi karibu zote, na ni etiketi zile zile za rulo moja. Nibadilishe filimu ao chupa?

fundi_rulo

Heshima mama. Niko mu kazi ya kuchapa etiketi miaka kumi na moja, nitakuambia vile naona. Geuza kwanza chupa uangalie chini, kuna pembetatu na namba. 4 ni polietileni laini, 2 ni polietileni ngumu kidogo, 5 ni polipropileni, 1 ni PET sawa chupa za maji ya kunywa. Ya kuminya mara mingi ni 4 ao 2.

Ile filimu yako ya kungaa naona ni polipropileni yenye ilivutwa pande zote mbili, unene wake mikroni 50 ao 60 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ni filimu nzuri, ku chupa yenye haiminywi inakaa miaka. Lakini chupa yako ikiminywa ukuta unaingia ndani na pale panakuwa padogo, etiketi yenyewe haipungui wala haivutiki, itaenda wapi? Inanyanyuka, inafanya mukunjo, na ule mukunjo haurudi tena. Omba filimu ya polietileni ya mikroni 85 hivi. Ukiishika ni laini, unaikunja ku kidole, unaachilia, inarudia vile ilikuwa. Kuna na ile ya mchanganyiko wa polietileni na polipropileni, ni nyembamba kuliko hiyo, inafwata chupa na mashini inaikata vizuri.

Tena waambie wakate pembe za mviringo. Pembe kali njo mlango wa kubanduka, kila etiketi yenye nimeona imetoka ilianzia ku pembe.

Na kole nayo. Polietileni kwa asili yake inakataa kushikwa, njo maana viwandani wanapitisha chupa ku moto ao ku umeme ili ngozi yake ikubali wino na kole. Sisi tunapima kwa daini, njo kipimo cha vile ngozi ya plastiki inakubali wino na kole, polietileni yenye haijapita kule iko ku 31 hivi, etiketi inataka 38 na kupanda. Hauna kipimo, tumia maji: panguza chupa na alkoli, ngoja ikauke, mwangia maji. Yakitandaa chupa iko sawa, yakijikusanya matone matone hata kole ya bei itasumbuka.

mama_asali

Aksanti sana baba. Namba ni 4. Maji yametandaa vizuri ku chupa kumi na moja mu kumi na mbili.

savoni_kadutu (Bukavu)

Basi chupa si mbaya. Mama, rudia pale uliandika mwezi wa ine na mwezi wa sita. Miye natengeneza savoni ya maji huku Bukavu lakini nilikaa Lubumbashi miaka mbili, najua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, asubuhi mutu anatoka na koti. Unabandika saa ngapi? Na asali unaitia ikiwa ya moto?

mama_asali

Tunaanza saa kumi na mbili ya asubuhi mu hangari, mbele jua haijapanda, ili kartoni zitoke saa ine. Asali tunaipasha kidogo juu ile wakati inaganda, tunaitia, tunafunga, tunabandika.

savoni_kadutu

Njo hapo mama yangu. Kole ikishikwa na baridi inakuwa ngumu, haitambae kuingia mu vitundu vidogo vya plastiki, inagusa juu juu tu. Kisha asali ya moto imefungwa, ikipoa hewa yenye iko juu yake inapungua na chupa laini inaingia tumbo. Umebandika ku chupa yenye imejaa, saa mbili nyuma chupa imekuwa ndogo. Mikunjo inaanza hata mukliya hajaigusa!

Tia asali leo, lala nayo, bandika kesho saa sita. Rulo isilale ku simenti, iweke mu nyumba kwenye watu wanalala. Ukibandika anza katikati ukisukuma kuenda pembeni, na usiivute hata kidogo, filimu yenye ilivutwa itatafuta kurudi na itajibandua yenyewe. Kisha acha siku moja nzima mbele ya kuitia mu kartoni, kole inaendelea kushika polepole.

katuba_seri

Mbona usichape jina moja kwa moja ku chupa? Serigrafi haibanduki.

fundi_rulo

Inawezekana, lakini chupa elfu zikishachapwa na namba ya simu ikibadilika utafanya nini? Na mama anaandika tarehe ya mavuno. Kwa kazi yake etiketi ni bora.

mama_asali

Narudi bandugu. Nilipata kipande cha polietileni, nikabandika chupa sita, na zingine sita na filimu yangu ya zamani, zote saa sita, asali imepoa tangu jana. Nikaacha siku mbili. Mutoto wangu wa kike akaziminya mara mia moja moja akihesabu kwa sauti, kisha tukazitia mu ndoo ya maji usiku kucha.

Ya zamani: pembe hazikunyanyuka hata moja, baba wa savoni uko na haki ku mambo ya baridi, lakini mikunjo iko ku tano. Ya polietileni: zote sita ziko laini, ukipitisha kidole hausikii mwanzo wa etiketi. Moja tu ilifanya bule ya hewa pa nyuma, ni mimi niliibandika kwa haraka.

Nimepeleka komandi ya rulo mupya, pembe za mviringo. Na wafanyakazi nimewaambia kubandika ni saa sita, asubuhi tutachuja asali.

fundi_rulo

Ile chupa moja yenye maji yalijikusanya, uliitenga?

mama_asali

Iko pembeni. Nimepima kartoni yote ya chupa tupu, nimepata zingine saba, nazirudisha kwa mwenye aliniuzia.