Kliniki ya sukari imetuchanganya na matapeli kwenye grupu moja la WhatsApp, tukilalamika tunaambiwa "asiyetaka ajitoe"

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za foleni za hospitali, hili ni jambo jingine kabisa. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Iko hivi. Hospitali moja ya mkoa (jina sitaji, wa huko wataijua) ilifungua grupu la WhatsApp la wagonjwa wa kliniki ya sukari na presha. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Mgonjwa wa sukari anaonana na daktari mara moja kwa mwezi, wengine kila miezi miwili, siku zote zilizobaki yuko peke yake na ugali wake na vidonge vyake. Akipata mahali pa kuuliza "nimesahau dozi ya asubuhi, jioni ninywe mbili?" na akajibiwa, umemsaidia kuliko mabango yote yaliyobandikwa pale mapokezi.

Shangazi yangu aliingizwa humo. Siku ya kliniki walipita na karatasi wakaandika namba za simu, wakasema ni kwa ajili ya kuwakumbusha tarehe. Basi. Jioni yake simu ikaanza kulia kama kengele ya shule, yumo ndani ya grupu la watu zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Kwenye grupu la WhatsApp kila aliyemo anaiona namba ya mwenzake. Jina la grupu limeandikwa kwa herufi kubwa, KLINIKI YA SUKARI NA PRESHA. Maana yake aliyemo humo ana orodha ya wagonjwa wa sukari wa eneo zima, namba zao, na wengi sura zao kwenye picha ya wasifu. Halafu wakaona haitoshi, mtu akachukua linki ya grupu akaiweka kwenye ukurasa wa Facebook wa hospitali, "jiunge upate elimu ya afya bure". Akajiunga kila mtu! Wauza unga wa mizizi, wauza chai ya kupunguza tumbo, wauza viatu, hadi wa mikopo ya mtandaoni.

Wauza dawa feki wangelipa hela ndefu kupata orodha kama ile. Wamepewa bure na hospitali.

Linaloniuma zaidi ni majibu. Kuna siku watu wengi waliondoka kabla ya majibu ya maabara kutoka. Sista akafanya alichoona ni msaada, akapiga picha kurasa za rejista akazituma kwenye grupu, na maneno "ambao hamkusubiri majibu yenu haya hapa". Rejista nzima! Jina kamili, umri, kata anayotoka, sukari ya kufunga, dawa anayotumia. Kwenye ukurasa wa pili kuna mama mmoja pembeni ya jina lake wameandika na ugonjwa mwingine, ule ambao mtu anaficha hata kwa mume wake. Picha ilikaa hewani kutwa nzima. Walipokuja kuifuta, walioihifadhi walishaihifadhi.

Shangazi majibu yake yalikuwa 14.2, yaani sukari iko juu sana. Siku mbili hazijapita, akapata meseji inboksi kutoka namba asiyoijua. Nainukuu kama ilivyo, ninayo:

"Shikamoo mama yangu. Poleni na majukumu. Nimeona sukari yako bado inasoma 14.2 na bado unatumia metformin, mama hizo dawa za hospitali zinachosha figo. Tuna dawa lishe ya asili, siku 21 tu sukari inaisha kabisa, unaacha vidonge. Dozi kamili 180,000 lakini wewe kwa kuwa ni mama yangu nakufanyia 150,000."

Mmeiona hiyo 14.2? Mtu wa kijiweni hawezi kuotea namba yenye desimali. Na kwa shangazi yangu namba hiyo ndiyo ilikuwa uthibitisho kwamba anayeandika ni mtu wa hospitali. Ningekuwa na miaka 63 na mtu ananitajia kipimo changu na dawa yangu, ananisalimia kwa heshima, na mimi ningeamini.

Na jueni kwamba aliuliza kwanza. Aliandika kwenye grupu: "Samahanini madaktari, kuna dawa ya asili nimeambiwa ni nzuri, naweza kutumia nikaacha metformin?" Swali limenyooka kabisa, lingejibiwa kwa neno moja. Hakujibiwa. Kilichofuata chini ya swali lake ni picha za mganga mfawidhi akipokea mashuka kutoka kwa wadau, na watu kumi na kitu wakiandika "hongera sana mkuu", "kazi iendelee", na vikono vya kupiga makofi. Nimerudi kulisoma grupu zima toka lilipofunguliwa. Maswali ya wagonjwa yamejaa humo kama mchanga, majibu ya mtaalamu unayahesabu kwa vidole. Yule tapeli kwa upande wake alikuwa anajibu hata saa sita usiku. Ujumbe wa sauti, taratibu, na "umekula mama?" juu.

Akatuma hela. Akaacha vidonge.

Na sukari ikashuka kweli! Hapa ndipo wengi wananaswa, kwa hiyo naomba msome hapa hata kama mtaruka kwingine. Wakaguzi wa dawa wa nchi kadhaa wamewahi kupima hizi "dawa asili za sukari" wakakuta zimechanganywa kimyakimya na dawa za kizungu, hasa glibenclamide, ambayo ni dawa halali ya hospitali ya kushusha sukari. Mgonjwa anaona namba zinashuka, anawaambia wenzake, biashara inakua. Ila ndani ya ule unga hakuna kipimo, kijiko cha leo si sawa na cha kesho, na mwenye umri mkubwa au figo dhaifu sukari inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu na isipande kwa urahisi. Shangazi tulimkuta alfajiri amelowa jasho, anaongea maneno hayaeleweki, tukadhani ni malaria imepanda kichwani. Mashine ya jirani ya kupima sukari ikasoma 2.1, yaani imeshuka mno. Tukampa maji ya sukari kwa vile bado alikuwa anameza, tukamkimbiza. Mungu ni mwema, yupo.

Sasa njooni kwenye kilichonifanya nifungue uzi. Nilienda hospitali na ushahidi wangu wote umechapwa kwenye karatasi. Dawati la malalamiko likanipeleka kwa katibu wa afya, katibu akanipeleka kwa mtu wa TEHAMA, mtu wa TEHAMA akasema grupu si mfumo wa hospitali, yeye anahusika na kompyuta za mapokezi. Mwisho nikajibiwa hivi: "Kaka, lile grupu ni la hiari. Asiyetaka ajitoe. Hata huyo sista anatumia bando lake mwenyewe."

Anatumia bando lake mwenyewe! Yaani hicho ndicho cha kujitetea? Wamechukua simu binafsi ya muuguzi, bando lake, usiku wake baada ya zamu, wakaiita huduma ya hospitali kwenye ripoti na kwenye mabango ya Nanenane, halafu likiharibika si la hospitali. Kwa sista hasira yangu ni ndogo. Ana foleni kutwa, hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja wa nini kitumwe na nini kisitumwe. Hasira yangu ni kwa wenye ofisi.

Na sheria ipo, asije mtu kusema tunaonea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimetajwa humo kuwa taarifa nyeti. Tume yake imezinduliwa na Rais mwenyewe Aprili 2024. Nilipoitaja pale ofisini niliangaliwa kama nimeongea Kichina. Ukitoka nje ya ile ofisi, ukutani kuna tangazo la marufuku kupiga picha wodini, "kulinda faragha ya wagonjwa". Ndugu wa mgonjwa ananyang'anywa simu getini, rejista inapigwa picha na wenyewe.

Wengine watasema Watanzania hatujafika huko kwenye teknolojia. Si kweli, tulifika zamani tena kwa kitochi. Huduma ya Wazazi Nipendeni ilianza Novemba 2012. Mjamzito alikuwa anatuma neno MTOTO kwenda 15001, anasema mimba ina wiki ngapi, anaanza kupokea meseji bure zinazokwenda na wiki zake: lini ahudhurie kliniki, chandarua, dalili za hatari. Hakuna mjamzito aliyeiona namba ya mwenzake. Hakuna aliyemuuzia mwenzake unga. Njoo na m-mama, mwenye uchungu na dharura anapiga 115 bure, wanamtafutia gari la wagonjwa, na likikosekana wanaita dereva wa kawaida aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Na Wizara ya Afya ina namba ya kupiga na kuuliza mambo ya afya, 199, nayo bure. Kwenye grupu letu namba 199 haijawahi kutajwa hata mara moja, nimeitafuta. Namba ya muuza mashuka imetajwa.

Hata hiyo hiyo WhatsApp ina chaneli toka 2023, ambapo wafuasi hawaonani namba. Kuna orodha ya matangazo, unatuma ujumbe mmoja kila mtu anaupokea kivyake. Ni suala la mtu kukaa nusu saa na kufikiri kabla ya kukusanya namba za watu.

Na tabia hii ya kutojibu iko mpaka juu. Kumbukeni mlipuko wa Marburg, ule ugonjwa hatari wa virusi, kule Kagera. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani likasema kuna washukiwa 9 na 8 kati yao wamekufa. Wizara ikatoka na kusema sampuli zimepimwa, hakuna. Tarehe 20 Rais akasimama Dodoma, mkuu wa shirika lile akiwa pembeni yake, akathibitisha upo Biharamulo. Katikati ya tarehe hizo mbili nina ndugu Muleba waliokuwa wanapokea sauti za WhatsApp za "daktari" asiye na jina anayewaambia wanywe vitunguu saumu na malimao. Wangemwamini nani, wakati wenye kazi ya kusema wamesema hakuna kitu? Mwisho wa mlipuko, Machi 13, walihesabiwa watu 10 na wote walifariki. Sidai kwamba tweet ingewaponya. Nasema watu wakiuliza jambo la kufa na kupona, kimya chako hakibaki wazi, kuna mtu anakuja kukijaza, na anakuja na bei.

Ninachotaka kwa hospitali hii si fidia. Grupu lile lifungwe leo, si wiki ijayo. Wale wote ambao majina yao yalikuwa kwenye zile kurasa waambiwe kwa mdomo, siku ya kliniki, kwamba taarifa zao zilivuja na wategemee kutafutwa na matapeli. Yule mama wa ukurasa wa pili aitwe pembeni peke yake. Na apangwe mtu wa kujibu maswali ndani ya muda wake wa kazi, kwa simu ya ofisi, kwa bando la ofisi. Kama hawawezi kumpanga, basi wasifungue kitu chochote, waache wagonjwa wapige 199.

NYONGEZA: Naona mdau ameandika kwamba nawavunja moyo wauguzi wanaojitolea. Mkuu, rudia kusoma, nimesema sista si tatizo langu. Mwingine anasema shangazi angetumia akili. Aliuliza daktari, ndugu yangu. Aliuliza mahali alipoambiwa aulizie. Akili ipi tena ulitaka?

Kwa aliyeuliza kama grupu bado lipo: lipo. Jana usiku wametuma ratiba ya bonanza.

Mwenye uzoefu wa kupeleka lalamiko kwenye ile Tume ya taarifa binafsi aje anielekeze, hasa kama ndugu anaweza kulalamika kwa niaba ya mgonjwa au lazima asaini mwenyewe. Shangazi yuko tayari kusaini. Na nyie mlionifuata PM toka asubuhi kuniuzia dawa ya sukari, namba zenu nimeziongeza kwenye faili hilo hilo.