Tupeane uzoefu: koo kuzibwa, kisha mapafu yakajaa maji

Mama Kayole: Mtoto wa jirani anatolewa tonsili wiki ijayo, nikamkumbuka mdogo wangu. Kijana wa kunyanyua vyuma. Upasuaji wa pua uliisha vizuri, lakini walipomtoa mpira wa kupumulia, koo likajifunga. Daktari alitueleza nje ya thieta: anavuta hewa kwa nguvu zote, mbavu zinabonyea, hewa haipiti. Koo likafunguka, tukamshukuru Mungu. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Nilimkuta anakohoa povu la pinki, midomo imegeuka rangi, macho yamenikazia mimi. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Otis Umoja: Pole sana dada. Povu hilo nimeliona kwa binamu yangu.

Baba Tasha: Dripu hizo! Wanazidisha maji halafu wanasingizia koo.

Nesi wa Zamu: Baba Tasha, usitishe watu. Ukivuta pumzi njia ikiwa imefungwa, kifua kinafyonza kama bomba la sindano lililozibwa mdomo. Maji yanatoka kwenye mishipa midogo ya damu, yanaingia kwenye vifuko vya hewa. Mwenye misuli hufyonza kwa nguvu zaidi. Wengi hupona ndani ya saa 24 hadi 48 kwa oksijeni na maski ya kusukuma hewa.

Baba Tasha: Na sindano ya kukojoza huwapa ya nini?

Nesi wa Zamu: Wengine hupewa, wengine hawapewi. Si ushahidi wa dripu.

Kijana wa Kawangware: Mimi niliona kwenye matatu, Naivasha Road, foleni haisongi. Mtoto kakabwa na njugu, mama anapiga nduru. Makanga akamlaza kifudifudi pajani, akampiga katikati ya mabega, njugu ikaruka! Matatu nzima tulilia.

Shosh Ruaka: Makanga huyo abarikiwe. Matatu ya wapi hiyo?

Otis Umoja: Kwetu ni tonge la ugali, linasukuma.

Nesi wa Zamu: Ugali hapana! Kidole pia hapana kama huoni kitu. Mpige mgongoni mara 5, kisha msukume tumbo mara 5. Aliye chini ya mwaka 1, bonyeza kifua badala ya tumbo. Na hata akipona, apelekwe hospitali, maji huweza kuja baadaye.

Mama Kayole: Nesi, jirani amwambie daktari nini?

Nesi wa Zamu: Kama mtoto anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Na kama ana mafua, aseme kabla ya siku yenyewe.

Mama Kayole: Anakohoa tangu Jumapili. Nampigia mamake sasa hivi.