MJADALA: Kituo cha SGR Pugu kiwe cha watu wa kwenda kazini kila siku, au kibaki cha safari za mikoani tu?

Wakuu habari za asubuhi. Juzi ndani ya daladala ya Gongo la Mboto kulizuka ubishi mkali, mzee mmoja kasema wangeweka treni ya alfajiri na ya jioni pale kituo cha SGR (reli ya kisasa ya umeme) Pugu, pembezoni mwa Dar, nusu ya hii tabu ya foleni ya kwenda mjini ingeisha, kijana aliyekaa nyuma yake akamjibu SGR haikujengwa kwa ajili ya watu wa Chanika, imejengwa ya kwenda Dodoma, mwenye haraka achukue boda. Gari zima likagawanyika mpaka tunafika Tazara watu bado wanabishana. Mi niko upande wa mzee, na naomba nieleze kwanini halafu mnipinge kwa hoja.

Kwanza Pugu na reli wamejuana zamani sana. Mjerumani alianza kujenga reli ya kati kutokea bandarini 1905, ikafika Morogoro 1907, na vilima vya Pugu ndo vilikuwa mlima wa kwanza kuupanda ukishatoka mjini. Mwalimu Nyerere aliporudi masomoni Edinburgh 1952 alikuja kufundisha hapo hapo Pugu, shule ya St Francis, mpaka 1955 alipoacha ualimu akashika siasa, na hii barabara ya Nyerere wazee wetu mpaka leo wanaiita Pugu Road. Mnada wa ng'ombe nao uko Pugu. Yaani hapa sio porini, ni lango la mji kutokea bara.

Treni ya mjini nayo sio ndoto mpya. Oktoba 2012 enzi za waziri wa uchukuzi Mwakyembe ilianza ile ya Stesheni mpaka Ubungo Maziwa, nauli mtu mzima 400 mwanafunzi 100, na wenzetu wa reli ya TAZARA wakapata ya kwenda Mwakanga. 2016 ikaja ya Pugu kwenye reli ya zamani. Kwahiyo anayesema watu wa Dar hawana utamaduni wa treni sijui alikuwa anaishi wapi, maana zile treni zilikuwa zinajaa mpaka milangoni.

Halafu 12 Aprili 2017 Magufuli akaweka jiwe la msingi la SGR, na aliliweka Pugu. Sio Posta, sio Dodoma, ni Pugu. Juni 2024 treni zikaanza kubeba abiria mpaka Morogoro, Julai zikafika Dodoma, tarehe 1 Agosti Rais Samia akazindua rasmi. Kwenye orodha ya nauli treni ya kawaida Dar mpaka Pugu ni kilomita 19, shilingi 1,000. Kilomita 19! Hata dereva akienda kwa mwendo wa 80 tu, wakati ile njia inaruhusu mpaka 160, ni kama dakika 15. Mi hiyo njia kwa daladala asubuhi naimaliza kwa saa moja na nusu, mvua ikinyesha usiniulize.

Sasa nije kwenye hoja za upande wa pili maana zipo za maana.

Wanasema njia ni moja, treni zinapishana kwenye vituo, ukiweka treni ya Pugu kila nusu saa unaichelewesha ya Dodoma, na mizigo nayo imeshaanza kupita. Hii ni kweli na siipuuzi. Dar mpaka Moro ni kilomita 300 za reli lakini njia kuu ni 205, zile 95 ni za kupishania na za kwenye vituo. Ila mi siombi kila nusu saa. Naomba mbili alfajiri kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi, na mbili jioni watu wakitoka kazini. Treni ya kilomita 19 inaingia na kutoka njiani haraka sana, ratiba ikipangwa na watu wenye nia inapatikana.

Wengine wanasema subirini mabasi ya mwendokasi ya barabara ya Nyerere, yanakuja mpaka Gongo la Mboto. Sawa, yaje, tunayahitaji sana. Lakini mtu wa Chanika, wa Msongola, wa Kisarawe, bado ana safari ndefu kabla hajafika Gongo la Mboto. Na tujifunze kwa flyover ya Mfugale pale Tazara, tangu 2018 foleni ya pale imepungua kweli, lakini gari zinaenda kusimama mbele. Treni haigusi hiyo foleni kabisa, ina njia yake, na lile daraja lake inaingia nalo mpaka katikati ya mji.

Hoja inayoniumiza kichwa mimi ni tiketi. SGR imepangwa kama safari ya mbali, jina, namba ya kitambulisho, uwahi kituoni, mizigo ikaguliwe. Kwa wa Dodoma ni sahihi kabisa. Kwa mtu anayekwenda Kariakoo kila siku ya Mungu haiwezekani, akae foleni ya ukaguzi kwa safari ya dakika 15? Hapo inatakiwa kadi ya kugusa getini kama tunavyotumia N-Card kivukoni Kigamboni, na tiketi ya mwezi, maana 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 26 ni 52,000, kwa mlinzi au fundi cherehani ni hela nyingi.

Na hapa naomba niwape kitu nilichokiona. Wiki iliyopita saa kumi na moja na nusu alfajiri, stendi, kuna mama muuza samaki, ndoo zake mbili tupu moja ndani ya nyingine, anawahi mnada wa samaki Feri. Gari ya kwanza imejaa, ya pili watu wameingilia dirishani, ya tatu konda kamwambia ndoo zilipiwe kama mtu. Akalipa. Na jioni anarudi na ndoo zimejaa samaki, maji yanadondoka. Nikajiuliza, huyu mama hata SGR ikiwekwa kesho, na zile ndoo atapandishwa? Sidhani. Na hata angeishi Vingunguti au Karakata, SGR inampita tu, haisimami mpaka Pugu.

Ndo maana nasema SGR peke yake haitoshi. Reli ya zamani ya Mjerumani iachiwe kazi ya mitaani, Buguruni, Vingunguti, Karakata, Gongo la Mboto, isimame karibu karibu, nauli ndogo, behewa moja la wenye mizigo. SGR ichukue wa mbali, Pugu moja kwa moja mjini, na daladala za Chanika na Kisarawe ziingie mpaka mlangoni pa kituo.

NYONGEZA: nimesoma majibu, wengi mnasema nauli ya 1,000 haiwezi kurudisha hata gharama ya umeme. Inawezekana. Lakini barabara tunazipanua kila mwaka na hakuna anayeuliza lami imerudisha shilingi ngapi, kwanini treni ndo iulizwe peke yake?

Na mwingine kasema Soga na Ruvu nao watadai. Wadai tu! Soga ni 4,000 na Ruvu 5,000 kwa safari moja, kule mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku kwa bei hiyo, wanahitaji hiyo tiketi ya mwezi kuliko hata sisi.

Waliokuwa wanapanda ile treni ya Pugu ya 2016 naomba mseme hapa, mlikuwa mnapandia kituo gani, saa ngapi, na mlikuwa mnafika kazini saa ngapi.