Kaka anataka kumchukua mama Edmonton, mama yuko Wete. Joto na baridi kipi kitamuumiza zaidi?

BintiWete
Asalaam alaykum jamani. Naomba ushauri hasa kwa mlioishi nchi za baridi, na msinicheke. Mama yetu yuko Wete, Pemba, umri sabini na kitu, ana presha na magoti yanamsumbua, mie ndo nnaekaa nae. Kaka yetu yuko Edmonton, Kanada, miaka mingi sasa, kashikilia anataka kumchukua mama akakae nae kuanzia mwezi wa kumi na moja. Hoja yake kubwa ni joto. Kaskazi iliyopita, msimu wetu wa joto, mama alipata tabu kweli, nyumba yetu ya matofali na bati haina dari, umeme ukikatika feni ndo imelala, mama anatoka saa nane za usiku anakaa barazani anajipepea na kipande cha boksi. Kuna siku akapata kizunguzungu akaanguka uwani, kaka aliposikia akasema basi, kule kuna hita, kuna hospitali, ndani mwaka mzima hakuna joto wala baridi. Mie nasema huyu mtu kipupwe tu cha mwezi wa saba anavaa soksi na kujitanda khanga mbili, ukimtia kwenye barafu si unammaliza? Kaka ananambia nnamng'ang'ania mama kwa faida yangu. Sasa hivi hata simu tunapokea kwa nongwa. Niambieni ukweli, baridi ile ikoje kwa mtu mzima, na hili joto letu kweli hatari au kaka anakuza mambo?

Karafuu_Kavu
Mwezi wa kumi na moja?? Huyo kaka miezi yote kaiona akachagua huo 😂

Mchake_wa_Alberta
Waalaykum salaam dada. Mie mtu wa Chake, nipo huku huku Alberta, jimbo lenye hiyo Edmonton, ntakwambia nnavyoyajua.

Baridi ya ndani haipo, hapo kaka yako kasema kweli, nyumba nyuzi 20 na kitu saa zote, mwenyewe nakaa na fulana. Tatizo ni kwamba nje hakutokeki. Januari kawaida ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, ikikaza inafika 30 chini ya sifuri, gari tunazichomeka kwenye umeme usiku kucha ili injini iwake asubuhi. Sasa mfikirie mama, hapo Wete kwa siku anatoka mara ngapi? Uwani, kwa jirani, dukani, barazani, anaamkiana na kila anaepita. Huku kutoka kutia taka tu ni koti, kofia, glavu, viatu vya barafu, na hivyo viatu kwa mtu wa magoti kuvivaa peke yake ni kazi. Na barafu inateleza, watu wazima wanavunjika nyonga. Kaka na mkewe kazini, watoto skuli, mama atabaki dirishani anaangalia gari.

Jengine ambalo watu hawalisemi ni jua. Desemba linachomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi na linazama saa kumi na robo jioni. Yaani Maghribi inaingia saa ambayo hapo Pemba mama ndo kwanza kamaliza Alasiri! Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zinafuatana mpaka udhu wa moja unatosha zote. Halafu Juni kinyume chake, Maghribi saa nne usiku na Alfajiri haiko mbali. Kwetu mwaka mzima Maghribi haichezi zaidi ya nusu saa hivi, mtu aliepanga maisha yake kwa adhana anavurugika. Mamangu alipokuja alinambia saa ya ukutani mbovu, nikamuonesha na ya simu akasema na hiyo pia.

Na hewa kavu. Ngozi inapasuka, midomo, pua inatoa damu, ukivua sweta gizani unaona cheche. Mafuta ya nazi mje nayo ya kutosha.

Nesi_wa_Mkoani
Mie nesi ila simjui mama yako, kwa hiyo haya yasiwe badala ya daktari wake. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, wazee wengi presha zao ziko juu zaidi wakati wa baridi. Joto linafanya kinyume, mishipa inatanuka, jasho linatoka, maji yanapungua mwilini, na kama katika vidonge vyake kuna vile vya kukojoza presha inaweza kushuka sana akisimama ghafla, ndo kizunguzungu hicho. Huo mwanguko msiuache hivi hivi, mpelekeni wapime presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, na muulize kama dawa zibadilishwe wakati wa Kaskazi. MSIMPUNGUZIE WENYEWE. Na mtu mzima hasikii kiu vizuri, usingoje aombe maji, mpe.

Kwa hiyo swali lako la kipi kinaumiza, vyote viwili, ila cha kwenu kinatibika bila ya ndege.

Mtoto_wa_Ughaibuni
Naona kaka anasemwa peke yake. Mie ndo huyo kaka wa nyumba yetu, nakaa Sweden. Hamjui simu ya nyumbani inavyolia saa tisa usiku moyo unavyofanya. Dada anaona mama kaanguka na kainuka, mie nasikia kaanguka tu, halafu mtandao unakata. Sisemi amchukue, nasema msimuone mbaya.

Karafuu_Kavu
Hakuna aliemuona mbaya yakhe, tumemuona hajaangalia kalenda. Hebu fikirini, joto la kwetu kali ni Desemba mpaka Machi. Miezi hiyo hiyo ndo Kanada barafu tupu. Akimchukua kumkimbiza joto LAZIMA amuingize kwenye baridi, hakuna njia ya katikati. Na akimchukua kwao kukiwa na jua, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, huku kwetu ni kipupwe, hewa tamu, mama hana shida yoyote. Hiyo hoja ya joto haisimami kabisa. Kama anataka mama awaone wajukuu aseme wajukuu, hapo sote tutamuunga mkono.

Mchake_wa_Alberta
Hilo umelipiga. Julai huku mchana nyuzi 23 hivi, mama atatembea bustanini vizuri tu, ukitoa miaka ya moshi wa misitu inayoungua, 2023 ulikuwa mbaya. Msikiti upo, Al Rashid wa hapa Edmonton ndo wa mwanzo kujengwa Kanada nzima, 1938, hatakosa Ijumaa. Na kuhusu hospitali, kaka amueleweshe dada vizuri, mzee anaekuja kwa ile viza ndefu ya wazazi hatibiwi bure na serikali, sharti kaka akate bima binafsi yenye kulipia matibabu ya si chini ya dola 100,000 za Kanada, na mtu mwenye presha tayari bima yake haiwi rahisi, asome maandishi madogo wanalipa nini na hawalipi nini.

FundiMbuzini
Nyie mnazungumza Kanada, mie nazungumza bati. Nyumba ya bati bila ya dari mchana inakula jua na usiku inawatemea nyinyi. Wazee wa Mji Mkongwe walijenga kuta za mawe na chokaa nene, ndani panachelewa kupata moto, na makuti nayo yalikuwa yanapumua. Tieni dari hata ya plaiwudi, muache matundu ya hewa juu pande mbili ili joto la chini ya bati litoke, dari bila ya matundu ni kazi bure. Bati lipakeni rangi nyeupe. Feni nunueni ya sola yenye betri yake, umeme ukikatika haina habari. Pesa yake ukilinganisha na tiketi ya kupitia Addis mpaka Toronto halafu ndege nyengine tena, na hiyo bima, sidhani kama kaka atabisha.

Umm_Ridhaa
Na mama mwenyewe kasemaje?

BintiWete
Allah awalipe nyote. Mama nimemuuliza jana baada ya Isha. Kwanza kasema nani atamuanikia karafuu. Halafu kanyamaza akaniuliza akifa huko atazikwa siku hiyo hiyo au atawekwa kwenye friji. Nikakosa jibu. Ila nilipomtajia wajukuu alicheka, yule mdogo hajamuona ila kwenye simu.

Huo uzi nimempelekea kaka wote, kimya mpaka sasa, kausoma lakini, alama za buluu nimeziona.

Mchake_wa_Alberta
Mwambie makaburi ya Waislamu yapo, ardhi ikiganda wanachimba kwa mashine, na watu tunajitahidi maiti asicheleweshwe, ingawa makaratasi hayakosi.

BintiWete
Kaka kanijibu. Anasema mwezi wa sita basi, arudi kabla ya baridi, na anataka kujua dari bei gani. @FundiMbuzini nyumba ni vyumba vitatu na ukumbi, unafika Pemba?

FundiMbuzini
Nnafika. Nipigie picha ya ndani juu, pale mbao za paa zinapokaa ukutani, pande zote mbili. Na usinunue plaiwudi kabla sijapima, watu wananunua nyembamba halafu mvua ya masika ikivuja inabonyea yote.

Karafuu_Kavu
Umwambie na kaka alipie nauli ya boti ya fundi 😂