Laki nne na nusu: OptiPlex ya mtumba na kadi, au nijenge Ryzen 5600G mdogo mdogo?

MwanaLigula
Wakuu habari. Nipo Mtwara mjini, nataka kompyuta ya gemu, hela ya korosho imeshagawanywa nyumbani na fungu langu ni laki nne na nusu. Kuna jamaa anauza Dell OptiPlex 7010 i5, anasema nikiongeza kadi ya grafiki inapiga kila kitu. Mwingine anasema nivumilie nijenge ya prosesa ya Ryzen 5 5600G kipande kipande. Nichukue ipi?

fundi_masasi
Gemu gani mkuu? Monita unayo? Na hiyo 7010 ni tawa, lile kasha kubwa, au ile nyembamba? Bila hivyo tutabahatisha tu.

Kusini_Gemaz
Chukua OptiPlex weka GTX 750 Ti. Inakula wati 60 tu, nyingi hazitaki hata waya wa pawa saplai, unachomeka imeisha. GTA V naicheza hivyo hivyo, nimeshusha vivuli na nyasi. Hiyo 5600G utanunua prosesa na mazabodi halafu vikae kabatini mpaka msimu ujao.

nachingwea_boy
Kwenye kadi muwe macho jamani. Mi nilinunua 1050 Ti mtandaoni, boksi jipya na nailoni yake, ikaja na basi, nikafunga, Windows ikasoma 1050 Ti 4GB vizuri kabisa, kufungua gemu skrini nyeusi, nikaweka draiva mpya zikagoma, za zamani zikagoma, ndo nikashusha GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaandika FAKE mbele ya jina, kumbe ndani ni GTX 550 Ti ya 2011 wameichezea bayosi, ile programu ya ndani ya kadi. Muuzaji hapokei simu mpaka leo. Dalili ipo nyuma ya kadi, tundu la VGA, lile la waya wa monita za zamani. 1050 Ti ya kweli haina VGA, Nvidia waliiondoa kwenye mfululizo wa GTX 10. Ukiliona hilo tundu usitoe hela.

MwanaLigula
Nataka FC, ile ya mpira, na GTA. Monita sina, nitachomeka TV ya sebuleni. Mashine ni ile nyembamba.

fundi_masasi
Nyembamba kadi ya kawaida haiingii, inataka zile fupi na ni adimu, bei imechangamka. Mwambie akutafutie tawa. Na FC 25, wenye gemu EA wanataka kuanzia 1050 Ti, 750 Ti itakuumiza roho.

pwani_kilwa
Ndo maana nasema 5600G. Grafiki imo humo humo kwenye prosesa, kadi utaongeza ukijaliwa. Ila ramu weka vijiti viwili, 8 na 8, kimoja kinaua fremu vibaya sana. Halafu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025 na i5 ya hiyo 7010 ni kizazi cha tatu, haipo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11.

Kusini_Gemaz
Watu wanaweka Windows 11 kwa njia za panya na inatembea. Mnachosahau ni umeme. Ukikatika na kurudi kwa kishindo huku kwetu hiyo Ryzen mpya inaondoka. Nunua stabilaiza kwanza.

pwani_kilwa
Stabilaiza haizuii mashine kuzimika ghafla mkuu. UPS, ile yenye betri ndani, ndo inakupa dakika za kusevu na kuzima.

nachingwea_boy
UPS za mtumba betri zimekufa zote, ukichomoa tu inalia na kuzima.

fundi_masasi
Unabadilisha betri, nyingi ndogo zinatumia ya volti 12, 7Ah. Waulize mafundi wa kamera na alamu, wanazo.

lindi_mjini
Kwa hapa Lindi zinapatikana wapi wakuu? Yangu imevimba mpaka haitoki kwenye kasha.